Binokula moja ya ndege mchana na nyota usiku, mazingira ya pwani: 7x50, 8x42 au 10x50?

NgalawaTanga

Habari zenu wakuu. Natafuta binokula moja ya kufanya kazi mbili. Mchana ni ndege wa mikokoni na vyombo baharini, mara nyingi nikiwa ndani ya boti ya mashine. Usiku ni nyota, kutoka ufukweni kusini mwa Tanga ambako taa ni chache. Itakutana na chumvi, unyevu, mvua za masika na kugongwagongwa, kwa hiyo nataka kitu imara kweli.

Nina miaka 52 na navaa miwani ya kuonea mbali. Bajeti ni dola 250 hivi. Ndugu yangu yuko Muscat, ataninunulia huko na kuja nayo. Dukani ameonyeshwa nne (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita): 7x50 ya mabaharia, 8x42 nyembamba yenye mapipa yaliyonyooka, 10x50 ya umbo la zamani lenye mabega, na nyingine imeandikwa 20-180x100, ambayo ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Ipi ichukuliwe, ipi iachwe, na kwa nini?

Kilimia_88

Karibu mkuu. Hiyo ya 20-180x100 iachwe hukohuko. Binokula ya kweli yenye lenzi za mbele za milimita 100 ina uzito wa kilo nne hivi na haishikiki mkononi, inataka stendi nzito. Kama inaingia kwenye begi la bega, namba hiyo ni ya kuuzia tu. Ndugu yako akiwa na rula anaweza kuthibitisha hapohapo dukani. Aishike umbali wa sentimita 30 kutoka usoni, aelekeze lenzi za mbele kwenye anga jeupe (asiielekeze juani hata kidogo), halafu atazame kwenye lenzi za jicho. Ataona viduara viwili vya mwanga. Apime kipenyo cha lenzi ya mbele, agawe kwa kipenyo cha kiduara kimoja, na jibu lake ndilo ukuzaji halisi. Lenzi ya milimita 50 yenye kiduara cha milimita 5 inakuza mara 10, hata kama boksi limeandikwa 60. Zinazozidisha na kupunguza ukuzaji kwa kijiti, yaani zuum, nazo ziachwe. Zina vioo vingi ndani vinavyosogea, eneo linaloonekana linakuwa finyu, na mapipa mawili hayakai sawa kwa muda mrefu.

Hicho kiduara ndicho kitakachokuamulia kati ya hizo tatu zilizobaki. Mwanga wote uliokusanywa unatokea hapo, na unafaa tu ule unaopita kwenye mboni ya jicho lako. Kijana gizani mboni yake inaweza kufunguka mpaka milimita 7. Umri ukienda uwezo wake wa kufunguka unapungua, na kwenye miaka 50 na kitu wengi wako karibu na milimita 5. Mchana wa jua kali ni 2 au 3 tu kwa kila mtu. Sasa piga hesabu: 7x50 inatoa kiduara cha milimita 7.1, 8x42 inatoa 5.25, na 10x50 inatoa 5. Kama mboni yako inaishia 5, ile 7x50 itakuwa kama umenunua 7x35, maana mwanga wa pembeni unaangukia kwenye rangi ya jicho, hauingii ndani. Kilo nzima unaibeba bure.

Kati ya mbili zilizobaki, kwa nyota mimi ni 10x50. Eneo la lenzi ya 50 ni kubwa kuliko la 42 kwa karibu asilimia 42, na ukuzaji wa 10 unalitia anga weusi zaidi, hivyo nyota hafifu zinajitokeza. Isizidi 10 kama utashika kwa mkono. Kuanzia 12 kwenda juu mtetemo wa mikono unakula faida yote.

MlindaNdege

Naheshimu hesabu za Kilimia_88, lakini hapo boti imesahaulika. Ukuzaji unakuza na mtikisiko. Ndani ya boti inayotembea, mara 10 ni tabu. Mabaharia hawakung'ang'ania 7x50 kwa sababu ya mwanga peke yake. Chombo kikiyumba jicho linahama kwenye mstari wa lenzi, na kiduara kikubwa cha milimita 7 kinalipa jicho nafasi ya kuhama bila picha kupotea. Ndiyo maana hata mchana, mboni ikiwa milimita 3, 7x50 ni raha kuitumia majini. Faida hiyo umri hauiondoi.

Ila kuna jambo ndugu yako aliangalie. 7x50 nyingi za baharini hazina gurudumu la fokasi la katikati. Kila jicho lina pete yake. Kwa nyota na meli ni safi kabisa: unaweka mara moja, kila kitu cha mbali kinabaki wazi, na kwa kuwa hakuna daraja (kipande kinachobeba lenzi za jicho) linalosogea, maji hayana pa kupenyea. Kwa ndege ni mateso. Mdiria akitua mita 8 kutoka kwako, ukimaliza kuzungusha pete mbili ameshaondoka. Kama ndege ni nusu ya kazi yako, hiyo ndiyo sababu ya kuiacha.

Ushauri wangu ni 8x42. Ina uzito wa gramu 600 hadi 750, inakaa shingoni siku nzima, inaonyesha wazi hata kitu kilicho mita 2 au 3 tu, na mtikisiko wa mara 8 unavumilika boti ikiwa imepunguza mwendo. 10x50 zenye mabega nyingi hazionyeshi wazi kitu kilicho chini ya mita 6 au 7. Mikokoni, kwenye vijito vyembamba, umbali huo ni mkubwa. Usiku utapoteza kiasi, lakini utakachoona bado ni kingi.

Na miwani. Tafuteni kwenye karatasi ya maelezo umbali wa jicho, yaani umbali kutoka lenzi ya jicho ambapo bado unaona eneo lote. Mvaa miwani anahitaji milimita 15 na kuendelea, na 17 ni bora. 10x50 za bei ya chini mara nyingi zina 10 au 12. Ukizitumia na miwani utaona katikati tu, pembeni kote kunakatwa.

Fundi_Lenzi

Niingie kwenye uimara, maana watu hudhani ni lile gamba la mpira la nje. Mpira unalinda mikwaruzo na mkono usiteleze, basi. Binokula hufa kwa njia mbili: maji kuingia ndani, na mapipa kuacha kutazama sehemu moja.

Kwa maji, maneno "haipitishi matone" au "inastahimili hali ya hewa" hayatoshi pwani. Mnataka iwe imezibwa kwa oringi (pete za mpira) na kujazwa gesi ya nitrojeni au agoni. Alama ya IPX7 maana yake imepimwa ndani ya maji ya mita moja kwa dakika 30. Gesi ile ni kavu, haina mvuke wa kugeuka ukungu juu ya lenzi kwa ndani joto linapobadilika ghafla. Kwa Tanga faida kubwa zaidi ni kuvu. Isiyozibwa inavuta hewa ya unyevu kila unapozungusha fokasi, na kuvu huota kwenye prizimu (vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza mwanga) kama nyuzi nyeupe nyembamba. Akiachwa, tindikali anayotoa inachimba kioo chenyewe, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Mimi sishauri binokula isiyozibwa kwa mtu wa pwani, hata iwe na picha nzuri namna gani. Zile za Kirusi za zamani, mfano 7x50 zenye mwili wa chuma, ni ngumu kweli, lakini nyingi hazina gesi, zinatia rangi ya manjano kidogo, na umbali wa jicho ni mfupi kwa mvaa miwani.

Umbo nalo lina maana kwa bajeti. Yenye mabega inatumia prizimu za Porro, mfumo ambao Mtaliano Ignazio Porro aliupatia hataza mwaka 1854. Mwanga unageuka ndani ya kioo bila kuhitaji kioo cha fedha nyuma yake, kwa hiyo hata ya bei ya wastani inatoa picha angavu. Yenye mapipa yaliyonyooka inatumia prizimu za paa. Nyingi ni za aina ya Schmidt-Pechan, ambazo zina uso mmoja unaohitaji kupakwa kioo, na zaidi ya hapo zinahitaji tabaka la kusahihisha awamu, yaani mpangilio wa mawimbi ya mwanga, la sivyo mistari midogo inafifia. Vyote hivyo ni gharama. Kwa dola 200 Porro iliyozibwa itaishinda ya paa ya bei hiyohiyo kwa ukali wa picha. Ukifika dola 400 au 500 tofauti inaanza kupotea.

Mfano wa kuutazama ni Nikon Action EX 10x50: ni Porro, imezibwa na kujazwa nitrojeni, eneo la nyuzi 6.5, umbali wa jicho milimita 17.2, uzito kama kilo moja. Ndugu yake 8x40 ana eneo pana la nyuzi 8.2, umbali wa jicho uleule, na ni mwepesi kidogo. Kwa matumizi aliyoyataja mwenye uzi, hiyo 8x40 inaweza kumaliza ubishi wenu wawili. Mziangalie pia kampuni nyingine, ila vigezo viwe hivyo: Porro, gesi, prizimu za BaK-4 (aina ya kioo kilicho bora), lenzi zote zimepakwa tabaka nyingi, milimita 15 au zaidi za umbali wa jicho.

NgalawaTanga

Nashukuruni sana, mmenifungua macho. Hiyo ya pete mbili naiondoa. Nabaki na 8x40 au 10x50 za Porro zilizozibwa. Maswali mawili. Miwani yangu ni ya kutoona mbali, siyo nzito sana. Si naweza kuivua tu nikitazama nyota? Na ndugu yangu akiwa dukani aikague vipi asije akauziwa mbovu?

MlindaNdege

Kuvua inategemea. Kama tatizo ni kutoona mbali tu, fokasi inalisahihisha, mradi gurudumu lina nafasi ya kuzunguka kupita alama ya mbali kabisa. Kama karatasi ya daktari wa macho ina safu ya silinda yenye namba kubwa, mfano 1.00 au zaidi, baki na miwani. Fokasi haisahihishi silinda, na utaiona kwenye nyota kabla ya kwenye kitu kingine chochote: badala ya nukta utapata kijistari au msalaba. Ukivaa miwani shusha vikombe vya mpira vya macho, ukivua vipandishe.

Fundi_Lenzi

Ukaguzi dukani haumalizi dakika 15. Aombe atoke nayo nje mlangoni.

Kwanza vile viduara alivyoeleza Kilimia_88. Viwe duara kamili na mwanga sawa mpaka ukingoni. Vikiwa na pembe za kijivu, kama mraba ndani ya duara, prizimu ni za BK7 (kioo cha daraja la chini) au ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na lenzi ya 50 haifanyi kazi yote. Kuna za bei ya chini zilizowekewa pete ndani inayobana mwanga bila mnunuzi kujua. Kuikamata, weka fokasi mbali kabisa, washa tochi ya simu sentimita 20 nyuma ya lenzi ya jicho, na mbele ya binokula weka karatasi karibu na lenzi. Duara la mwanga linaloangukia kwenye karatasi lipimwe. Likiwa milimita 42 badala ya 50, mnajua mnanunua nini.

Halafu atazame taa ya dukani inavyojirudia kwenye lenzi za mbele. Mng'ao uwe hafifu, wa kijani au zambarau. Mng'ao mweupe unamaanisha kuna kioo hakijapakwa. Lenzi nyekundu kama damu ziachwe, zinarudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia picha ya kibluu.

Linalofuata ndilo la muhimu kuliko yote, nalo ni mapipa kuwa sambamba. Atazame mstari mlalo wa mbali, ukingo wa paa la nyumba iliyo mita 200 au zaidi. Picha ikitulia, aisogeze binokula polepole kutoka machoni mpaka sentimita 10 hivi, macho yakiendelea kutazama ule mstari. Mstari wa kushoto na wa kulia ubaki usawa mmoja. Ukipanda upande mmoja kama ngazi, arudishe. Macho yanajitahidi kuunganisha picha mbili zisizolingana, kwa hiyo dakika ya kwanza mtu haoni kasoro, baada ya robo saa kichwa kinauma na anadhani ni uchovu. Usiku kuna kipimo kikali zaidi. Weka nyota angavu iwe nukta kwa jicho la kushoto, kisha vuruga fokasi ya kulia kwa pete ya dayopta (pete inayorekebisha jicho la kulia peke yake) mpaka iwe duara kubwa la ukungu. Nukta ikae ndani ya duara, karibu na katikati. Ikikaa juu au chini ya duara, mapipa yameachana.

Mwisho ashike lenzi za jicho na kuzibonyeza moja moja. Daraja likibonyea upande mmoja, fokasi ya jicho hilo itakuwa inahama kila ukiibana usoni. Bawaba la katikati liwe gumu kiasi cha kubaki pale ulipoliweka. Na kama ni ya mitumba, amulike tochi kutoka mbele, atazame ndani kwa mshazari: vumbi chache si neno, nyuzi za kuvu au utando wa mafuta ya grisi ni sababu ya kuiacha. Asikubali kuambiwa "fundi ataifungua aisafishe". Iliyozibwa ikifunguliwa bila vifaa, gesi imeondoka na mapipa yamehama.

Kilimia_88

Sawa, 8x40 ile sina ugomvi nayo, kiduara chake ni milimita 5 vilevile kama 10x50. Utakachopoteza ni nyota hafifu zaidi, utakachopata ni eneo pana, ambalo kwa anayeanza kuzijua nyota ni msaada mkubwa.

Ikifika, kwanza weka dayopta. Funika lenzi ya mbele ya kulia, macho yote wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe nukta jicho la kushoto. Kisha funika ya kushoto, usiguse gurudumu tena, zungusha pete ya kulia mpaka nukta iwe kali. Kumbuka namba ya pete. Kuanzia hapo unatumia gurudumu tu. Watu wengi wanalalamika binokula mbovu kumbe pete hii haijawekwa.

Tofauti kubwa kuliko kati ya 8x40 na 10x50 ni tofauti kati ya kushika na kuegemeza. Laza mgongo kwenye kiti cha kulalia, viwiko kwenye mikono ya kiti, utaona nyota ambazo ukisimama hazipo. Binokula nyingi zina kifuniko kidogo cha skrubu mbele ya bawaba, chini yake kuna uzi wa robo inchi. Hapo inaingia adapta ya umbo la L inayokaa kwenye stendi ya kamera. Chagua ya chuma, za plastiki zinacheza. Stendi iwe ndefu kuliko wewe, vinginevyo kwa vitu vya utosini utapiga magoti. Jupita, yaani Mshtarii, ukiiegemeza vizuri utaona miezi yake minne ikiwa nukta kwenye mstari. Pete za Zohali usizitarajie, zinahitaji ukuzaji wa mara 25 hivi.

Na mko pazuri. Kutoka nyuzi 5 kusini mwa ikweta anga la pande zote mbili linaonekana. Kilimia, kile kishada cha nyota, yote inaingia ndani ya picha na nafasi inabaki. Aprili hadi Juni jioni tafuta Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, juu ya Msalaba wa Kusini, itakuwa mpira wa ukungu wenye kung'aa katikati. Juni hadi Septemba pita kwenye mkia wa Nge, kuna vishada viwili vilivyokaribiana, M6 na M7, vinavyopendeza kwa binokula kuliko kwa darubini kubwa kwa sababu ya upana wao. Januari Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, liko upande wa kusini, lakini halipandi zaidi ya nyuzi 26 hivi, kwa hiyo chagua ufukwe ambao kusini hakuna taa wala minazi.

Jua: kamwe. Sekunde moja kupitia binokula inatosha kuunguza jicho, na haliumi linapoungua. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua, kivuli kamili kitapita Misri, Saudia, Yemen na pembe ya Somalia. Watu watatafuta njia za kutazama. Miwani ya kupatwa kwa jua haivaliwi kisha mtu akachungulia kwenye binokula, mwanga uliokusanywa unaipasua. Kichujio kinafungwa mbele ya lenzi zote mbili, kimekazwa kisiweze kupeperushwa na upepo.

NgalawaTanga

Nimemwandikia ndugu achukue 8x40 na adapta ya chuma. La mwisho: utunzaji wake huku kwenye chumvi ukoje? Ile mikoba ya ngozi inayokuja nayo inafaa?

Fundi_Lenzi

Mkoba ni wa safari tu, siyo wa kuhifadhia. Ngozi na kitambaa vinashika unyevu na kuvu anapenda hapo. Tafuta chombo cha plastiki cha jikoni chenye mfuniko wa kubana na mpira, tia gramu 100 hadi 200 za silika jeli zinazobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu kama utakipata. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Kuvu anastawi unyevu ukizidi 65 na kukaa huko. Usishuke chini ya 30 kwa miezi, grisi inakauka. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishe. Isiyo na rangi huwezi kujua imeshiba lini.

Ukitoka baharini usifute lenzi ikiwa kavu. Punje za chumvi na mchanga ndizo zinazokwangua tabaka. Kwa kuwa imezibwa, hakikisha kifuniko cha skrubu kimekazwa, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwa mtiririko mdogo, usitumie bomba la shinikizo, kisha iache ikauke kivulini. Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira, brashi laini ifuate, halafu tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, siyo moja kwa moja kwenye kioo. Upindo wa kanga au shati hapana.

Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha mpira na plastiki. Paka, nawa viganja, ndipo ushike binokula. Na isiachwe kwenye dashibodi ya gari: joto linalainisha gundi na grisi, na grisi ikitiririka inaishia kwenye prizimu. Boti nayo, nunua mkanda wenye povu la kuelea na hakikisha unabeba uzito wa gramu 900, mingi imetengenezwa kwa kamera ndogo.